Foto ya Tantine Masika na Kitabu cha Mchawi

Nianze na lile ambalo watu wa Ndosho wanalijua tayari, ili msije mkalisikia kwa mwingine likiwa limeongezwa chumvi: mimi ndiye yule mtu aliyeleta foto ya mchawi kwenye kilio cha tantine yake. Ndiyo, ile yenye kofia ndefu, paka na ufagio. Ndiyo, na baluni pembeni. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi, maana mbele huko hata mimi hushindwa.

Jina langu Kasereka. Kazi ya kusema hii ndiyo yangu, sina. Nimeteremsha viazi kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, kutoka Kibumba, nimepasua mawe, nimeita abiria wa boti za Bukavu mpaka sauti ikakauka, nimelinda ghala la mbao lisilokuwa na mbao, na shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari kwa sababu ambayo nikijiuliza leo siipati vizuri. Lakini kusoma sikuacha. Nasoma chochote kinachopita mbele ya macho, gazeti lililofungiwa karanga, karatasi ya ndani ya boksi la dawa, maneno ya nyuma ya malori. Na kila niliporudi mikono mitupu kutoka huko nilikokuwa nimetangatanga, mlango usioniuliza maswali ulikuwa mmoja tu, wa tantine Masika, dada yake baba.

Tantine alikuwa mjane na alikuwa anashona mabegi. Ananunua balo la mabegi ya shule yaliyokwisha kubebwa Ulaya, anabadilisha zipu, anatia mikanda mipya, anauza. Ndani ya nyumba alikaa na Koko, mama mzazi wa marehemu mume wake, mzee wa kutoka vilima vya Masisi ambaye kutwa nzima alikuwa mlangoni kwa nyuma na ungo wake wa maharage, akichagua mawe, hasemi. Mimi nilidhani masikio yake yalikwisha kuchoka. (Nilidhani mambo mengi, mtaona.)

Siku hizo nilikuwa nimerudi kutoka Kibumba na mguu umevimba, siwezi kusukuma kitu, basi tantine akanipa kazi ya kupekua mifuko ya yale mabegi kabla hajayashona, kwa sababu watoto wa huko husahau vitu, kalamu, pipi zilizoyeyuka, siku moja jino. Na siku moja kitabu. Kilikuwa cha Kifaransa, jalada la zambarau lililochanika pembeni, na ndani, katikati, ukurasa mzima wa picha ya rangi: msichana wa miaka kama kumi na tano amepanda ufagio kinyumenyume, kofia imemfunika jicho moja, anacheka kwa meno yote, na paka amemng'ang'ania mgongoni kwa hofu.

Nikasoma kurasa mbili nimesimama. Ya tatu nikakaa. Ya nne nikacheka mpaka tantine akasimamisha mashine.

"Unacheka nini peke yako sawa mwehu?"

Nikamsomea. Yaani nilikuwa napokea Kifaransa kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, na neno nisilolijua naliruka au nalibuni (nilibuni mengi, Mungu anisamehe, na nadhani niliyoyabuni ndiyo yaliyomchekesha zaidi). Jina la msichana lilikuwa linapinda ulimi, tukamwita Zawadi. Zawadi alizaliwa mchawi, akaishi na shangazi yake mchawi katika mji wa mvua nyingi, na uchawi wake wote ulikuwa unaenda kombo. Alitaka kijana muuza mikate amtazame, akasema maneno yake, na badala ya kijana ni mikate iliyoota macho ikaanza kumtazama, hata ile iliyokwisha kuliwa nusu. Alimgeuza mwalimu wa hesabu kuwa mbuzi ili mtihani usifanyike, lakini mbuzi yule hakuacha kazi. Alikuja darasani kila asubuhi na chaki mdomoni, akatoa mazoezi, akatoa sifuri, na sifuri za mbuzi zilikuwa za mviringo kuliko za mwalimu.

"Mchawi gani huyu," tantine alikuwa anasema huku anapangusa macho na kipande cha kitambaa, "asiyeweza hata kuroga mukate!"

Tangu mume wake afe sikuwa nimemsikia akicheka vile. Tulifanya hivyo wiki tatu, kila alasiri, yeye na mashine, mimi na kitabu. Jambo moja tu alinionya, na alilisema bila kucheka: "Kasereka, hiki kitabu kibaki humu ndani. Huko inje, hilo neno halichekeshake mutu." Nami nikakubali, maana nani asiyejua? Mtaani kwetu mtu akifa mapema, watu hawaulizi ugonjwa, wanauliza nani amemla. Na mume wa tantine alipokufa, wapo waliomtazama Koko.

Zilipobaki kurasa ishirini na mbili, Zawadi alikuwa anaingia kwenye mtihani wa mwisho bila uchawi hata chembe, mbele ya yule mbuzi. Nikataka kuendelea. Tantine akakataa. "Tumuache pale kwanza. Kesho tutajua kama alifaulu."

Kesho yake asubuhi alianguka juu ya mashine, sindano ikiwa bado imeshika mkanda wa begi. Tensheni, yaani presha, walisema hospitali. Siku mbili akawa ameenda.

Sasa sikilizeni habari ya foto, maana ndipo nilipoharibu. Kwetu huku mwili hautoki nyumbani bila sura. Foto ya marehemu inakuzwa, inawekwa ndani ya kadre yenye kioo, mkubwa wa familia anaiinua watu wote waione, halafu inabebwa mbele ya sanduku mpaka makaburini. Asiye nayo, wanasema amezikwa kama mpita njia. Na tantine alikuwa na foto moja tu duniani. Nyingine zote ziliungua zamani, mlima uliposhusha moto kwenye nyumba yao ya kwanza, na kwenye simu za watu utamkuta amegeuza mgongo au ameweka kiganja usoni, kwa kuwa hakupenda kupigwa picha. Ile moja ilikuwa ya paspoti, ndogo kama kiberiti, amekaza uso kama mtu anayedaiwa jibu.

Papa Kambale, kaka mkubwa wa tantine na wa baba, aliyekuja kutoka Butembo kusimamia kilio, aliniwekea mkononi mbele ya watu wote.

"Wewe njo unajua muji. Enda Katindo, bakuze hii, baweke mu kadre. Saa sita mwili unafika. Kasereka, ni moja tu iko."

"Ndiyo, papa."

"Ni moja tu, unasikia?"

Nilisikia. Ila kulikuwa na manyunyu, shati langu halikuwa na mfuko, na nikajiuliza niiweke wapi isikunjike wala isilowe. Nikaingia ndani, nikachukua kitabu chini ya mashine, nikaifungia humo, kwenye ukurasa tulioachia. Nilijiona mtu mwenye akili. Na niseme ukweli wote: sikukichukua kwa sababu ya mvua peke yake. Nilitaka kujua kama Zawadi alifaulu.

Pale studio kuriya, yaani umeme, ilikuwa imekatika. Watu tulikuwa sita, tumekaa kwenye benchi, tunangojea, na mwenye studio anatuomba uvumilivu. Nikafungua kitabu. Nikasema moyoni namsomea tantine, namaliza kwa ajili yake, na labda ilikuwa kweli kwa kurasa mbili za kwanza, baada ya hapo nilikuwa nasoma kwa ajili yangu. Nikacheka, nyinyi. Tantine wangu yuko morgue, kwenye chumba cha maiti, na mimi niko kwenye benchi Katindo nacheka mpaka mama mmoja akasogea mbali nami. Nilicheka mpaka mwili ukatikisika, na kitabu kikatikisika pamoja nao, na naamini ni wakati huo, au ni wakati wa moto, ile pikipiki iliyonibeba, kurukaruka juu ya mawe njiani, lakini nadhani ni wakati huo.

Nilipofika mstari wa mwisho kuriya ikarudi, na simu yangu ikalia. Papa Kambale. "Uko wapi? Mwili uko njiani!" Nikaweka kitabu mezani kwa mwenye studio, nikamwambia foto iko mule ndani, akuze, atie kwenye kadre, afunge, haraka, nikatoka mlangoni kuendelea kumdanganya Papa Kambale kwamba ninakaribia. Mwenye studio akanifuata na swali.

"Ya mutoto?"

Nikatikisa kichwa ndiyo, simu sikioni.

"Aniversere?"

Nikatikisa tena. Nilikuwa namjibu kama unavyomfukuza nzi. Yule mtu hana kosa. Alifungua kitabu akakuta picha moja nzuri ya rangi, mtoto anacheka, na kazi yake ya kila siku ni watoto wanaotimiza mwaka. Akaifanya vizuri kabisa. Akafunga kadre kwa gazeti na kamba, akanipa pamoja na kitabu, na akanipigia kelele nikiwa nimekwisha kupanda moto: "Nimekuongezea na baluni!" Sikujiuliza ni baluni gani. Nikapachika kitabu kiunoni chini ya shati, nikaikumbatia kadre kifuani njia nzima kama mtoto mchanga.

Nilikuta uwanja umejaa. Sanduku liko juu ya benchi mbili, wamama wa kwaya wanaimba, katekista ameshika kitabu chake, na Koko amekaa chini kwenye mkeka, miguuni pa sanduku, mikono mapajani. Papa Kambale alinipokonya ile kadre bila kunitazama, akakata kamba, akatoa gazeti, na kwa kuwa uso wake ulikuwa kwetu na machozi yamemjaa, aliinua juu kwa mikono miwili bila kuitazama.

"Muangalie dada yetu," akasema. "Muangalie kwa mara ya mwisho."

Tukaangalia.

Kwaya ilikatika mmoja mmoja, kama mtu anayezima mishumaa. Zawadi alikuwa juu ya kichwa cha Papa Kambale, mkubwa kama dirisha, anatucheka kwa meno yote, kofia imemziba jicho, paka amemng'ang'ania, baluni nyekundu kila pembe. Mtoto fulani akacheka. Akapigwa kofi. Papa Kambale akaona macho yetu, akaigeuza polepole, akaitazama yeye mwenyewe, na sitasahau jinsi midomo yake ilivyotikisika kama mtu anayetafuta neno la kusoma.

Kavugho, mke wake, ndiye aliyelia kwanza. "Foto ya mutu inageuka mchawi ndani ya gazeti! Nani anaweza kufanya vile? Nani?" Kisha kidole chake kikashuka, kikasimama juu ya Koko. "Mwenyewe amejionyesha! Alikula mutoto wake wa kuzaa, sasa amekula na mukwe, na anatuchekelea mbele ya maiti!"

Watu wakasimama. Wanaoishi Goma wanajua kwamba hapa hutafuti jiwe, umesimama juu yake. Nikaona kijana mmoja anainama, akainuka na mkono umejaa. Koko hakujitetea. Hakulia. Aliinua macho, akayapitisha juu ya watu wote, na yakaja kutua juu yangu. Yakabaki hapo.

Na mimi nikanyamaza.

Hii ndiyo aibu niliyokuja kuisema, ile ya foto ni ya kuchekesha watu tu. Nilikuwa najua kila kitu, kitabu kilikuwa kinanichoma kiunoni, neno moja lingetosha, na nilisimama pale nikiwaza watanionaje. Nikawaza Papa Kambale, nikawaza tangu utotoni wanasema Kasereka huharibu kila anachoshika. Mwanamke mwingine akamvuta Koko kitambaa cha kichwani, kikatoka, nywele zake nyeupe zikabaki wazi mbele ya watu wote. Ndipo nilipojisikia nasema.

"Ni mimi."

"Wewe nini?" Papa Kambale akauliza.

"Hiyo foto. Imetoka mu kitabu yangu. Studio wamekosea. Koko hana kitu."

Nikakichomoa. Katekista akakichukua kwa ncha za vidole, akafungua katikati, akaiona ile picha, akalinganisha na kadre, akafunua ukurasa mwingine na (sijui kwa nini, labda ni mazoea ya kusoma mbele ya watu) akasoma kwa sauti mistari mitatu ya Kifaransa. Ilikuwa pale mbuzi anapotoa sifuri. Mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, akafuatwa na wa pili, na mara uwanja mzima ukawa unacheka, kile kicheko cha watu wenye hofu, kinachouma. Yule kijana akaachia jiwe lake.

Papa Kambale peke yake hakucheka. "Sawa," akasema polepole. "Na foto ya Masika? Iko wapi?"

"Humu ndani, papa."

Nikafungua ukurasa tulioachia. Haikuwepo. Nikafungua wa nyuma yake, wa mbele yake, nikapekua chote, nikakishika kwa jalada nikakikung'uta juu chini. Kikaanguka kipande cha uzi wa zambarau, wa kushonea mabegi. Basi.

"Unamuzika dada yangu bila sura," Papa Kambale akaniambia. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Tulienda makaburini hivyo, msalaba mbele, na nyuma ya msalaba hakuna kitu. Mimi sikuruhusiwa kubeba sanduku.

Siku tatu nilitembea kwa miguu kutoka Ndosho mpaka Katindo na kurudi, macho chini, nikichungulia kati ya mawe na kwenye mitaro. Mwenye studio alisogeza benchi, meza, hata mashine zake, akafagia mara mbili mbele yangu, akanihurumia mpaka nikaona haya. Haikuonekana. Kama leo unaniuliza tantine alifananaje, nitakuambia, lakini nitakuambia kwa maneno.

Siku ya kuondoa matanga, Koko alifunga mzigo wake. Familia haikumfukuza kwa mdomo, ila hakuna aliyekula chakula alichogusa, na yeye hakungoja aambiwe. Mpwa wake alikuwa anakuja kumchukua aende kuishi Kibumba. Nilimkuta chumba cha mashine, amekaa juu ya begi lisilokuwa na zipu. Nikapiga magoti.

"Koko, unisamehe."

"Nilimujua yule mutoto," akasema.

"Mutoto gani?"

"Wa kofia. Zawadi." Alilitamka wazi kabisa, na masikio yake hayakuwa yamechoka hata kidogo. "Masika alikuwa ananielezeaka kila siku, wewe ukisha kutoka. Alinionyesha na ile picha. Pale Kambale aliinua, nilijua mbio mbio, hiki ni kitabu ya Kasereka."

"Sasa juu ya nini haukusema? Walitaka kukuua!"

"Nani angesikia mudomo yangu? Na ni wewe ulipashwa kusema. Nilikuwa nakungojea." Akapangusa vumbi kwenye mashine kwa kiganja. "Nilihesabu mu roho. Nilifika makumi ine na tatu."

Nje honi ya lori la viazi ikalia, mpwa wake huyo, na Koko akashika mkono wangu ili asimame, kisha akabaki palepale kama aliyekumbuka kitu.

"Na ule mutihani? Alifaulu?"

Nikamweleza. Kwamba Zawadi aliandika usiku kucha bila uchawi (hapana, nimekosea, asubuhi kucha, ona ninavyobuni hata sasa), akampa mwalimu karatasi, na katika dakika hiyohiyo mwalimu akageuka mtu tena, mtu kamili mwenye tai, ila njaa ya mbuzi ilikuwa haijamtoka, akaila ile karatasi yote mbele ya darasa. Kitabu kinaishia hapo. Hakuna aliyejua kama alifaulu.

Koko alicheka. Kifua kilitikisika bila sauti, machozi yakapita kwenye mikunjo yake.

"Alifaulu," akasema.

"Unajuaje, Koko?"

"Masika angesema alifaulu."

Nikambebea mzigo mpaka kwenye lori.

Kitabu bado ninacho na bado nasoma chochote ninachokiona, hilo sitaliacha, lakini sura ya mtu siiweki tena ndani ya karatasi za kunichekesha, na nikiharibu kitu, mahali popote, mbele ya yeyote, nasema ni mimi kabla hawajageuza macho kwa mwingine. Wananishangaa kazini, wanasema Kasereka anakubali makosa kabla hayajajulikana. Hawajui ninachokimbia. Wakati mwingine nakaa peke yangu nahesabu polepole, kama alivyohesabu yeye, kichwa wazi, jiwe likiwa mkononi mwa mtu. Moja, mbili, tatu, mpaka arobaini na tatu. Jaribuni siku moja. Mtaona ni muda mrefu kiasi gani.